Kifungu cha Kura Husomwa Soda Zikifika

Kazi yangu ya ukalimani sikuiomba. Nilikuwa nauza mihogo ya kuchoma nje ya ofisi ya chifu, Magogoni. Baraza imeanza, na mkalimani wao, Mzee Karisa wa Chengo, hajafika. Bwana D.O., afisa wa tarafa, mtu wa bara, akauliza nani anajua Kigiriama na Kiswahili sawasawa. Watu wakanisukuma mbele, nanuka moshi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini ulimi Mungu alinipa.

Fahamuni, wajukuu zangu, wazee wetu walijua Kiswahili cha sokoni, cha kununua samaki na kugombana na makanga wa matatu. Kiswahili cha sheria kiliwapita juu ya vichwa. Ndipo mkalimani akatakiwa: mkubwa anasema fungu la maneno, ananyamaza, nawe unaligeuza. Kuongeza ni kosa, kupunguza ni kosa. Bwana D.O. aliniambia siku hiyo hiyo, "Mama Kadzo, wewe ni bomba. Maji yapite, bomba lisinywe."

Habari ya siku ile ilikuwa kwamba katiba imebadilishwa, chama si kimoja tena. Jirani yangu Sidi wa Mkambe akauliza, "Basi huyo aliyezoea kuwa peke yake, atakubali kushindana?" Nikaligeuza swali. Bwana D.O. akacheka, akaita swali jingine. Kicheko kile nilirudi nacho nyumbani, nikakilalia.

D.O. wa pili, mpenda tai, alikuja na habari ya robo. Anayetaka urais awashinde wenzake wote, na tena apate robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano. Niliwaambia kina mama: haitoshi kupendwa nyumbani kwako. Baadaye ikaja katiba mpya, nikazunguka Likoni na Changamwe na mwalimu wa uraia, binti mwenye subira. Sasa mshindi sharti apite nusu ya kura zote, na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosekana wa kufika hapo, wawili wa mbele wanarudiana. Kahindi wa Tabu, mkwezi wa minazi, alifurahi mno. "Sasa hata sisi watatuamkia shikamoo," alisema, "hawana budi."

Lakini liko jambo ambalo hakuna mkubwa aliyenifundisha, nililiona mwenyewe. Wakubwa wote, ila yule binti, walikuwa na mpango mmoja. Vifungu vitamu husomwa kwanza, watu wakiwa macho: zahanati, barabara, pesa za kaunti. Kifungu cha kura husomwa soda na mkate zikifika. Chupa zinagongana, watoto wanalilia mkate, mkubwa anasoma mbio, halafu, "Wanaokubali wainue mikono!" Mikono inainuka, mingine na chupa zake. Nikajiwekea desturi: kifungu hicho sikigeuzi mpaka chupa zinyamaze.

Baraza yangu ya mwisho ilikuwa Likoni, kwenye uwanja ulio kando ya njia ya kwenda Shelly Beach. Mratibu wa kamati moja alileta pendekezo la kubadilisha katiba tena. Soda zikafika, naye akasoma kwamba rais atachaguliwa na wabunge, wakiwa Bungeni. Nikakunja mikono.

"Mama Kadzo, geuza."

"Nangoja chupa, mwanangu."

"Muda hatuna. Waambie kwa ufupi tu."

Nikapaza sauti kwa Kigiriama: rais hamtampigia kura tena, mbunge ndiye atakayewapigia.

Chupa zikashushwa chini. Kahindi wa Tabu akasimama na mkate wake mkononi. "Mbunge yupi? Yule tuliyemwona mara ya mwisho akiomba kura?"

"Huyo hata sokoni simtumi," mama mmoja akadakia, "ndiye anichagulie rais!"

Watu wakaangua kicheko. Mratibu akanigeukia, jasho linamtoka. "Nilisema kwa ufupi!"

"Kuna ufupi kuliko huo, baba?"

Mikono haikuinuliwa. Baraza ikafungwa kwa sala ya haraka, na kwenye gari mratibu akaniambia, "Mama, umri umekwenda. Pumzika." Huko ndiko kustaafu kwangu. Simu yao haikulia tena.

Sisemi kila badiliko ni baya. Lile la vyama vingi lilitufumbua midomo, na lile la nusu lilituletea waomba kura waliokuwa hawatujui. Ila mtu akija kuigusa katiba, mimi humuuliza moja tu: kura yangu ikitoka mkononi mwangu, inaingia mkononi mwa nani? Akianza kunieleza habari ya barabara, basi nimeshajibiwa.

Juzi amekuja Mapenzi, mjukuu wa Sidi. "Shikamoo, hawe," akaniita kama tunavyowaita nyanya zetu. Kazi yangu amepewa yeye, na pendekezo lile lile linaletwa Magogoni.

"Hawe, nikingoja chupa zinyamaze, watanifukuza?"

"Watakufukuza."

Akavuta kigoda, akaketi. "Basi nifundishe kukigeuza kile kifungu."

Sijui kama alikuja kujifunza au alitumwa kunisikiliza. Siku hizi siwezi kuapa. Nilimfundisha neno kwa neno, lakini mlango niliuacha wazi na sauti nikaipaza, majirani nao wasikie kabla soda hazijafika.