Mafao ya Mama na Koti la Baba Mdogo

"Wewe uliyesoma, niambie: sheria hiyo imeandikwa wapi?"

Baba mdogo aliniuliza hivyo tukishuka ngazi za ofisi ya halmashauri ya jiji. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, sikubali hata mahubiri bila kubishana. Nikasema labda iko kwenye kanuni. Akauliza kanuni gani. Nikatazama viatu vyangu.

Baba yangu alikuwa fundi bomba wa halmashauri. Alifia kazini, karibu na mtaa wa Kisenyi, ukingo wa mtaro ulipomporomokea akifunga bomba lililopasuka. Wenzake walimfukua kwa koleo lake mwenyewe. Baada ya mazishi mama akaambiwa kwamba atapata mafao ya mjane na watoto, ayafuate mjini kila mwisho wa mwezi.

Matanga yalipokwisha, akaja baba mdogo. Huyu ndiye mdogo wake baba, sajini jeshini, mwenye wake wawili tayari kambini. Kwetu kaskazini mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Alifunga mbuzi uani, akaingia ndani, akatundika koti lake la jeshi kwenye msumari ambao baba alikuwa akitundika lake. Hakuhitaji kusema zaidi. Mama alilitazama lile koti kama mtu anayetazama mvua ikiingia ndani.

"Shemeji, nimekuja kubeba mzigo wa kaka yangu. Nitawahamishia kambini."

"Karibu chai, shemeji. Sukari hakuna."

Miaka ile ya utawala wa jeshi mtu hakumkatalia mwanajeshi, hata awe shemeji yake. Jirani yetu mmoja pale Kyebando alimkatalia mmoja baiskeli tu, na hatukumwona tena. Mama hakukataa. Alimimina chai taratibu, akasema, "Mimi sina neno. Ila halmashauri wamekataza. Mjane akirithiwa, mafao ya watoto yanakatwa."

"Halmashauri ni nani mbele ya jeshi?"

"Mimi nitajuaje? Nenda ukawaulize."

Jumatatu akanipitia. "Twende, profesa. Wakianza Kiingereza chao utanitafsiria."

Karani wa mafao alikuwa mzee mwembamba, Muganda, aliyevaa sweta kwenye joto lile. Kiswahili chake kiligeuza kila r kuwa l. Baba mdogo aliketi bila kukaribishwa, akavuta mkoba wa bastola kutoka kiunoni hadi juu ya paja, akauliza swali lake. Yule mzee aliutazama mkoba muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Ni kweli, afande. Mjane akilithiwa, mafao yanafungwa. Shelia ni shelia."

"Amri ya nani hiyo?"

"Imetoka juu, afande."

Baba mdogo akarudisha mkoba kiunoni. Mambo ya huko juu hakuna aliyeyachokonoa, naye alilijua hilo kuliko sisi. Akasimama, akakung'uta vumbi kofia yake, tukatoka. Ndipo kwenye ngazi akanigeukia mimi na swali lile.

Jioni ile alichukua koti lake. Mbuzi akamwacha. "Wa watoto," alisema, bila kumtazama mama.

Tangu hapo akawa anakuja Jumapili, akiketi kwenye benchi la nje. "Bado wanakulipa, shemeji?"

"Bado, shemeji."

Anakunywa chai yake chungu, anaondoka.

Na mama akaendelea kwenda mjini. Bei zilipanda, mafao hayakupanda. Mwanzoni yalitulisha, baadaye yalitosha mche mmoja wa sabuni, tena siku sabuni ikionekana sokoni Owino. Alitoka kungali giza, akasimama foleni mchana kutwa, akarudi ameshika viatu mkononi, miguu imevimba. Nilichoka kumtazama.

"Mama, nauli inakula karibu yote. Waachie hizo hela zao."

"Nitaenda."

"Kwa mche wa sabuni?"

"Kwa mche wa sabuni. Wewe unafua na nini, vitabu?"

Siku moja nilimsindikiza. Joto, jasho, watoto wa watu wakilia migongoni, dirisha likifungwa kila karani alipoitwa. Yule mzee alimpa mama hela zake bila kumwangalia usoni, naye mama hakumwangalia. Niliona ni dharau, nikakasirika njia nzima. Nilitilia shaka kila kitu wakati ule: serikali, kanisa, ndoa, hata shahada niliyokuwa naisomea. Sheria ile ya wajane sikuitilia shaka hata siku moja. Ilikuwa ya kipumbavu kama zile nyingine zote, kwa hiyo niliiamini.

Miaka mingi baadaye, baba mdogo akiwa ameshazikwa na wanajeshi wale wameshaondoka madarakani, nilikuwa nachagua maharagwe na mama, mgongo wake umeshapinda. Nikamwambia kuna mjane jirani ambaye shemeji zake wanamsumbua. Afadhali ingekuwapo bado ile sheria ya mafao.

Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Haikuwahi kuwapo. Nilikwenda kumwomba yule mzee aseme hivyo, kabla baba yako mdogo hajaja na koti lake. Akaniuliza kitu kimoja tu. 'Nnyabo, mama yangu, huyo shemeji yako hutembea na bastola?'"

Akatupa jiwe dogo nje ya mlango.

"Nikamwambia hana."