Chumba cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Kufuli. Chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji kilifungwa kwa makufuli mawili, na funguo alizivaa shingoni. Humo walijificha wanawake waliokimbia kipigo. Kikundi cha wanawake alichokuwamo kilijua kuhutubia, lakini yeye alipenda kusema, "Hotuba hailaliki. Leteni godoro." Ndiye aliyeomba magodoro makuukuu, akashona foronya kwa mabaki ya vitambaa, akachemsha mashuka yenye damu, na kukaa na wenzake kwenye benchi la polisi mpaka wasikilizwe.

Asubuhi moja aliyebisha hodi alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake. Taya lilikuwa limevimba, maneno yakitoka kwa shida.

"Mtoto nimemwacha amelala. Ningembeba angelia."

Kufuli alimkanda uso kwa maji ya moto, kisha akamfungia ndani. Mchana mdogo wake akaja, mama yao nyuma yake.

"Dada, nipe mke wangu."

"Hapa nashona nguo."

Mama akamvuta pembeni. "Unataka kumfunga ndugu yako wa tumbo moja?"

"Nataka mtoto, mama. Niletee mtoto."

"Mtoto haji hapa."

Walipoondoka, wifi alikuwa tayari amevaa viatu. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Nifungulie, wifi."

Kufuli alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Lakini makufuli yale yaliwekwa kuwazuia wanaokuja, si wanaotoka. Akafungua.

Wiki haikuisha, wifi akafa kwa kipigo. Kufuli alikwenda polisi kwa miguu yake, akaeleza habari za lile taya, na mdogo wake akafungwa. Mazikoni mama alimwambia neno moja tu: "Umenimalizia watoto." Tangu hapo mama hapokei simu za Kufuli, na mjukuu anakaa kwa bibi huyo.

Katika kikao kilichofuata wenzake walitaka kuandamana. Kufuli alikubali kushona mabango, ila akataka kwanza wapatikane watu wa kwenda kuchukua watoto walioachwa nyumbani, na chombo cha kuwabebea. Muuza mkaa akajitolea pikipiki yake.

Safari ya kwanza Kufuli alikwenda mwenyewe. Alirudi na mikwaruzo shingoni na mtoto wa mwanamke mwingine mgongoni, akamkabidhi kwa mama yake aliyejificha chumba cha nyuma, akafunga mlango. Kisha akaketi kwenye cherehani, akajaribu mara tatu kutunga uzi, uzi ukipita pembeni ya tundu la sindano.