Nyumba ya Chokaa, Tongoni

Hosea alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, akajifunza uashi Makorora, mjini Tanga, na kwa miaka thelathini alijenga kwa tofali za saruji na bati. Mwezi wa tatu mkewe, Devota, alifariki. Baada ya arobaini alirudi kazini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Kazi yenyewe ilikuwa Tongoni, kijiji cha pwani. Msanifu majengo aitwaye Asmahani, binti wa Tanga, alikuwa amesomea kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Mediterania, akazipenda nyumba za kale za huko: kuta nene za mawe, madirisha madogo, chokaa ndani na nje, na paa bapa linaloteremsha maji ya mvua kwenye birika la kuhifadhia maji chini ya ua. Akataka kujenga ya namna hiyo, bila saruji wala kiyoyozi. Alisema si jambo geni. Wazee wa pwani hii nao walijenga kwa mawe na chokaa, sisi ndio tulioacha.

Hosea hakubisha. Alipanga mawe. Alingoja chokaa ikauke, siku baada ya siku, na kungoja hakukumsumbua. Wenzake walipocheka alicheka nao, kisha akasahau walichekea nini.

Mvua za vuli zilipofika, birika lilijaa. Asmahani alifurahi mpaka akavua viatu. Hosea aliingia chumba cha ndani, saa nane mchana, akaegemea ukuta. Ulikuwa wa baridi kama mtungi. Asmahani akamkuta amesimama vivyo hivyo.

"Fundi, kuna ufa?"

"Hakuna. Mke wangu aliugulia chini ya bati miezi minne. Nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi. Bati lenyewe niliezeka mimi."

Aliyasema kama anayetaja vipimo. Baadaye Asmahani akamwambia achukue chokaa iliyobaki.

Jumamosi Hosea alipanda juu ya nyumba yake, akalipaka bati lote chokaa, mara mbili. Jirani yake Zuleha alimuuliza kama sasa amehamia Ulaya. Akajibu kwamba ni kupunguza joto tu. Katika chumba cha Devota alikuwa akilala mama mkwe wake, Leticia, aliyekuja msibani akabaki.

Kesho yake, walipotoka kanisani, Leticia alijilaza humo mpaka alasiri.

"Leo nimelala, baba," alisema alipoamka.

Hosea akaitikia. Akangoja aone kama atahisi chochote. Hakuhisi. Akaenda kumtekea maji ya kuoga.