Ubingwa Uliofungiwa Nyama

Mpira siujui, ila baba yake Nekesa, mzee wa Kaloleni, haozi binti kwa mtu asiyefuata ligi. Basi nikajigamba kwake kwamba sikosi mechi.

Jumapili nikaenda kuposa na nyama kutoka bucha moja ya soko la Burma. Njiani nikasoma gazeti lililoifunga: timu ya mzee imetwaa ubingwa! Mtaalamu mimi nikaingia sebuleni nikiimba.

"Hongera, baba! Kombe letu!"

Mzee akanipokonya furushi la nyama. Mwenye bucha simlaumu. Aliniuzia nyama, hakuniuzia habari.

Mzee akakunjua gazeti lenye damu, akalisoma polepole.

"Hii gazeti ni ya mwaka juzi, kijana. Jana tumeshushwa daraja, uwanja mzima ukalia. Wewe ulikuwa umekaa upande gani?"