Siku Walipoibeba Nyumba ya Mama Mkwe

Aliyemwonyesha shemeji yangu viota vya ndege ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema shetani alimwingia. Shetani gani? Ni mimi, simu yangu na mdomo wangu.

Nilikuwa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla hapa Guangzhou, natafuta madaftari na kalamu za mteja wangu wa Kariakoo, mtoto mgongoni. Ukimaliza maduka ya madaftari unaingia kwenye ya vyakula vikavu: uyoga, tende, majongoo ya bahari yamekauka kama vidole vya maiti. Katika duka moja viota vya mbayuwayu vilikuwa vimepangwa ndani ya kabati la kioo, vimewashiwa taa kama dhahabu ya bi harusi. Ni mate ya ndege yaliyokauka, basi. Wachina wanayachemsha na sukari, wanampa mwanamke aliyejifungua. Nikamuuliza bei yule laoban, yaani bosi mwenye duka, kwa utani tu. Aliponitajia nilicheka mpaka mtoto akaamka. Nikarekodi kila kitu, taa, kabati na bei, nikatuma kwenye kundi la familia ya mume wangu. Nikaandika, "Ndege wa kwenu wanatema pesa!"

Mume wangu ni Mwindonesia, Mbugisi wa Sulawesi. Tulikutana hapa hapa Guangzhou, soko la vitambaa la Zhongda, tukigombea jora moja la mwisho. Mimi nilikuwa nanunua vitambaa vya madera ya kupeleka Dar, yeye vya nguo za harusi za kwao. Jora alichukua yeye. Mimi nikamchukua yeye.

Kwao mahari si lazima iwe fedha. Mwanamke anapewa ardhi. Mimi, mtoto wa Mbagala, kidato cha nne, ambaye kwetu sina hata tofali, niliandikiwa kipande kando ya barabara, hatua ishirini kwa thelathini, mbele ya imamu na mkuu wa kijiji. Changu mimi, si cha mume wangu. Nilipoambiwa nitie sahihi, niliandika jina langu polepole, herufi kwa herufi, kama la mtu mwingine.

Nilikaa kule miezi minne nilipokwenda kujifungua. Ni makazi madogo ambayo hayajaamua kama ni kijiji au mji. Upande huu mpunga, upande ule karakana ya pikipiki. Nyumba ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo, na chini yake ndiko maisha yaliko: kuku, bembea ya kamba, magunia, wanawake wakichambua dagaa na kuwachambua na majirani. Sakafu ina nyufa. Ukifagia, makombo yanawaangukia kuku moja kwa moja. Ukigombana na mumeo, walioko chini wanakuchangia hoja.

Lakini kilichonishinda kuelewa ni mali. Unaonyeshwa mnazi, unaambiwa ni wa fulani. Ardhi uliposimama mnazi ni ya mtu mwingine. Na hawagombani! Kwetu Mbagala watu wangekuwa wameshatoana meno. Kwetu ukinunua kiwanja, kilichosimama juu yake umekinunua pia, hata kama ni choo.

Baba mkwe kabla hajafariki aligawa. Uwanja iliposimama nyumba alimpa mwanawe mkubwa, huyo shemeji. Kipande cha barabarani alimpa mume wangu, ambaye akanitolea mahari. Nyumba yenyewe alimwachia mkewe. Mimi sikuona tatizo. Nani atamfukuza mama yake?

Basi, wiki chache baada ya vile viota, wifi yangu akanipigia simu ya video amekunja uso. Shemeji anataka kujenga jumba la ndege. Najua majumba hayo, nimeyaona kule: zege tupu la ghorofa tatu, halina madirisha, vitundu tu, na spika juu inalia sauti za ndege mchana kutwa ili wengine wadhani kuna wenzao ndani, waingie wajenge viota vya kuuza. Analijenga wapi? Kwenye uwanja wake. Pale mama alipo.

"Mama atoke ndege waingie?" nikapiga kelele. Nilikuwa kwenye lifti. Wachina wote wakajibana ukutani.

Nilimtumia shemeji ujumbe wa sauti, nikamtukana kwa Kiindonesia changu kibovu, na nilipoishiwa maneno nikamalizia kwa Kiswahili cha Mbagala, ambacho hakihitaji tafsiri. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Shemeji, si wewe uliyetuonyesha? Kaa huko huko ututafutie wanunuzi."

Niliketi kwenye ngazi za jengo letu nikausikiliza tena, mara tatu.

Siku mbili baadaye mama mkwe akapiga mwenyewe. Yeye simu huishika karibu mno, unaona paji la uso tu.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Sikiliza. Usitoke humo. Jifungie."

"Nijifungie kwa nini? Ardhi ni ya mwanangu. Nyumba ni yangu. Yeye ana chake, nami nina changu."

"Sasa hicho chako utakiweka wapi? Kichwani?"

"Hilo ndilo ninalotaka kukuomba," akasema.

Akanieleza kama anayenieleza jinsi ya kupika wali. Nyumba itabebwa. Wanaume watakuja Ijumaa wakitoka kuswali, watafunga mianzi kwenye nguzo, watainyanyua nzima nzima, watatembea nayo mpaka itakapokaribishwa. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Ile nyumba ilishabebwa mara moja kabla mume wangu hajazaliwa. Kilichokosekana ni mahali pa kuitua, na mahali pekee palipokuwa wazi ni mahari yangu. Asipopata mahali, itabomolewa na kuuzwa mbao.

Nilisema hapana.

Naliandika hivyo hivyo, bila kulipamba. Kile kiwanja kilikuwa duka langu. Nilishalichora: ukuta wa matofali, kioo mbele, vitambaa vya Zhongda vinaning'inia, mimi kwenye kiti nikisema bei. Nimebeba marobota mgongoni miaka mitano kwa ajili ya kile kiti. Na zaidi ya duka, niliona hivi: nikitoa kiwanja, shemeji ameshinda bila hata kujikwaa. Kwa nini mimi ndiye nisafishe alichokichafua yeye?

"Sawa, mwanangu," akasema. Kisha akauliza mtoto ameota meno mangapi.

Jioni nilimkabili mume wangu. Tunazungumza Kiindonesia changu kibovu na Kiswahili chake kibovu zaidi, kwa hiyo ugomvi wetu huwa mfupi.

"Sema kitu!"

"Ardhi yako. Mimi siwezi sema."

"Sema!"

"Nikisema, wewe kasirika."

"Nimeshakasirika!"

"Ndiyo," akasema, akaendelea kumlisha mtoto uji. "Mimi naona."

Kilichonigeuza ni mnunuzi wa mbao. Wifi alinipigia Jumatano asubuhi, akageuza simu tu. Nikamwona mwanamume mwenye futi ya kupimia anapita chumba hadi chumba, anagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaandika namba ukutani kwa chaki. Akaingia chumba nilicholala siku zangu arobaini. Mama alinikanda humo, alinifunga tumbo humo, alinilisha uji wa tangawizi kijiko kwa kijiko huku mimi nalia namtaka mama yangu mzazi. Yule bwana akauandika ule ukuta namba kumi na nne. Na mama mkwe, jamani, alikuwa nyuma yake na sinia. Anamkaribisha kahawa! Mtu anakuja kuipima nyumba yako iwe kuni, unamtilia sukari!

"Mama!" nilipiga ukelele. "Mtoe huyo mtu!"

"Ni mgeni, mwanangu."

"Mtoe! Na wifi, futa hiyo chaki! Ileteni nyumba kwangu! Ijumaa hii hii, ileteni!"

Mama akaweka sinia chini. "Unasema kama mwenye kiwanja, au unasema kwa hasira?"

"Vyote viwili!"

"Basi nimepokea," akasema.

Bahati ni kwamba saa za kule na za Guangzhou ni zile zile. Ijumaa saa saba mchana nilikuwa Zhongda, dukani kwa mama mmoja wa Kichina ninayenunua kwake siku zote. Mume wangu alikuwa kwenye ghala la mizigo, kontena linafungwa, hakuweza kutoka. Nikaegemeza simu kwenye jora la kitambaa cha maua. Mtoto nikamketisha juu ya robota.

Wifi alikuwa amesimama juu ya ukuta wa jirani, anaonyesha kila kitu. Wanaume hawapungui sabini, wengine bado na kofia za msikitini. Mianzi mirefu imefungwa kwenye nguzo, huku na huku. Vyombo vya udongo vimetolewa, lakini mapazia yameachwa dirishani. Wanawake wamewagawia vitumbua vyao vya wali na sukari. Mzee mmoja mwenye kipaza sauti amepanda ngazi ya mlangoni, anawatania.

"Nani hajala? Asiyekula asimame upande wa jikoni, huko ni kwepesi!"

Wakacheka. Wakainama, mabega chini ya mianzi. Mzee akahesabu. Na nyumba ikanyanyuka.

Nyumba ilinyanyuka! Paa, mlango, madirisha, mapazia yanapepea, na chini yake miguu mia na arobaini inatembea. Nilipiga kigelegele mpaka soko likageuka. Dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa akipimiwa kitambaa akaja mbio.

"Kwani nini? Mtu kafa?"

"Nyumba ya mama mkwe wangu inatembea!"

"Wallahi!" Akaikamata simu. "Wallahi inatembea! Ina miguu kama jongoo! Dada, waambie waniletee na yangu kutoka Likoni!"

Mama wa Kichina akaja na mkasi mkononi, akatazama, akawaita wa duka la pili. Tukawa watu kumi tumeinamia simu moja.

Ndipo nilipomwona. Mstari wa mbele, bega la kushoto chini ya mwanzi, shingo imetoka mishipa: shemeji.

"Huyo!" nikapiga kelele. "Huyo anafanya nini hapo? Mtoeni! Wifi, mwambie atoke!"

Wifi akampelekea mama simu. Paji la uso likatokea.

"Mama, mtoe mwanao chini ya nyumba! Ndiye aliyekufukuza!"

"Ndiye mwenye bega imara," mama akasema. "Nyumba ni nzito, mwanangu."

Ikatembea. Ikapita kichochoro, mzee anapayuka, "Kushoto! Kushoto, mnaua ndizi za watu!" Ikafika barabarani, pikipiki zikasimama, lori likapiga honi. Ikaingia kwenye kiwanja changu. Kwangu! Nikaona majani yangu yanakanyagwa na miguu yote ile, nami nashangilia.

Ghafla ikasimama. Mzee akashusha kipaza sauti, akazungumza na mama. Wifi akaileta simu mdomoni kwa mzee.

"Mwenye kiwanja! Mlango uelekee wapi? Barabarani au mashambani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kule kwake mama siku zote mlango ulitazama mpunga, na upande wa kaburi la baba mkwe. Mlango ukitazama mpunga, jiko linageukia barabara na maji machafu yanamwagika pale ambapo mteja wangu angesimama. Ukitazama barabara, ule uwazi wote chini ya nyumba unakuwa mbele ya macho ya watu, na mtu anaweza kutundika vitambaa kwenye nguzo asubuhi hiyo hiyo, bila tofali hata moja. Lakini mama atakunywa kahawa yake akitazama malori.

"Mama anataka wapi?"

"Anasema kiwanja ni chako!"

"Muulize tena!"

"Binti!" mzee akalia. "Wanaume sabini wamebeba nyumba!"

Na mtandao ukaganda. Picha ikasimama, nyumba hewani, midomo wazi. Nilitoka dukani mbio na simu juu ya kichwa, dada wa Mombasa nyuma yangu na mtoto wangu kwapani, mama wa Kichina nyuma yake na mkasi, tunatafuta mahali penye mtandao kati ya mikokoteni ya majora. Karibu na ngazi sauti ikarudi.

"Barabarani!" nikapayuka. "Barabarani! Barabarani!"

Nikaisikia kelele yao, kisha mianzi ikilia, kisha kishindo. Wifi alipotulia akaonyesha: nyumba imekaa, imeinama kidogo upande wa jikoni, mlango unatazama lami. Mama alishapanda. Alisimama mlangoni ameshika mwimo, anatazama lori linapita.

"Umekasirika, mama?" nikauliza.

"Mpunga nimeutazama miaka arobaini," akasema. "Hakuna jipya."

Baadaye kidogo shemeji akaomba simu. Jasho linamtiririka, pumzi hana. Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa. Nilimwambia mpaka ninaposema naye nimemkasirikia na nitaendelea. Akasema anajua. Nikamwambia anionyeshe bega. Akavuta shati. Ngozi ilikuwa imechubuka kuanzia shingoni, nyekundu, inavuja maji.

"Vizuri," nikasema. "Sasa kamwombe mama mafuta ya nazi upake, kabla halijafanya usaha."