Shingo za Majogoo wa Meneja

Mwanaume wa miaka arobaini na tisa aliamka asubuhi moja akakuta ameota matiti.

Si utani. Si kifua cha unene. Matiti kabisa, yale ya kuuma ukiguswa.

Hiyo ilikuwa mwaka wa sitini na sita, kwa shamba moja la majani chai upande wa Sotik. Mwenyewe aliitwa Nyang'au, Mkisii, mpishi wa meneja mzungu. Tulia nikupe yote, na usicheke kabla sijafika.

Mambo yalianza pole pole. Nyang'au alikuwa ameanza kuchoka. Akitoka kazi ni kula na kulala fofofo, bibi yake Bilhah akibaki macho anaangalia mabati. Ni umri tu, lakini ni mwanaume gani anakubali hiyo?

Akaenda kwa rafiki yake Gichana, mpimaji wa majani, mtu wa kujua kila kitu.

"Kula jogoo," Gichana akasema. "Lakini si paja. Kula shingo na kichwa, nguvu zinakaa huko. Kwani umewahi kuona jogoo amechoka?"

Nyang'au akafikiria. Kweli, hajawahi.

Na bahati ilioje! Meneja alikuwa anafuga majogoo wanono ajabu, na amri yake ilikuwa vichwa na shingo zitupwe shimoni. Nyang'au alimhurumia. Huyu mzungu na masomo yake yote hajui kitu kizuri.

Basi akawa anajipikia shingo zake pale kona ya jikoni, nyanya kidogo, chumvi, anafyonza mpaka mfupa unabaki mweupe. Hakugawana na mtu. Bilhah, kama wamama wengi wa Kikisii siku hizo, hakuwa anakula kuku, hata mchuzi wake.

Badala ya kuwika, jamaa akaanza kulia.

Kwaya ikiimba, machozi. Ng'ombe wa jirani akizaa, machozi. Ndevu zikagoma kuota. Na ile kazi ya usiku, wueh, hata hamu haikuwa. Na kadiri alivyolegea ndivyo alivyozidisha shingo.

Halafu ndiyo kifua kikatokea.

Akaanza kushinda na koti, hata mbele ya jiko la kuni. Akawa analala nalo. Alikuwa anaogopa kwamba anakufa, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga.

Bilhah naye hakuwa mjinga.

"Baba Arasa, huo uso laini hivyo unamnyolea nani?"

"Sinyoi."

"Wacha! Na koti kitandani? Hapo ndani umeficha alama za kucha za nani?"

"Ni baridi tu, Mama Arasa."

"Baridi gani na unatoka jasho? Uko na mwanamke huko Chepilat. Sawa. Jumapili kaka zangu wanakuja kunichukua, narudi kwetu."

Nyang'au alikuwa anampenda huyo mama kufa. Hakukuwa na mwanamke Chepilat wala popote. Lakini kumwambia ukweli ilikuwa lazima afungue koti, na hapo alishindwa kabisa.

Jumapili ikafika. Meneja alikuwa na wageni, kwa hivyo mpishi alikuwa kazini. Akaamua leo anakula shingo mpaka nguvu zirudi kwa lazima, kabla bibi hajaenda. Akateremka mbio kwa banda kumtafuta Okello, Mjaluo aliyekuwa anatunza kuku.

Huko akaona kioja. Jogoo mzima amelala kwa nyasi, amefunika vifaranga na mabawa, anawabembeleza.

"Okello, kwani huyu si jogoo?"

"Ni jogoo. Amesahau tu."

"Amesahau aje?"

Okello akamwonyesha tembe ndogo. "Dawa ya kike hii, omera. Naiingiza chini ya ngozi ya shingo, karibu na kichwa. Anaacha kuwika, anaacha kupigana, hataki majike, ananona kifua. Meneja anapenda nyama laini. Ndiyo maana shingo na kichwa tunatupa, dawa inabaki huko."

Nyang'au akashika kifua chake. Akamwangalia jogoo. Jogoo naye akamwangalia.

"Woooi! Ndugu yangu!" akapiga kelele, na Okello hakujua ni nani anaitwa ndugu.

Akatoka mbio kwenda nyumbani, ameshika kifua na mikono miwili maana kukimbia kulikuwa kunauma. Watu waliotoka kanisani wakasimama njiani kushangaa.

Akakuta mashemeji wawili mlangoni, wameshabeba sanduku la Bilhah.

"Ngojeni!" Akafungua koti. Akavua vesti.

Mashemeji wakageuka haraka wakatazama majani chai. Nyang'au akamwaga yote pale pale: Gichana, shingo, tembe, jogoo anayelea watoto.

Bilhah akasogea, akagusa kidogo. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nyang'au akadhani analia. Kumbe ni kicheko! Alicheka mpaka akaketi chini.

"Miezi hii yote nalia kuna mwanamke mwingine. Kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe!"

Mashemeji wakashindwa kujizuia. Nyang'au akacheka, akalia, akacheka tena, maana dawa ilikuwa bado mwilini.

Sanduku likarudi ndani. Kesho yake Bilhah mwenyewe akampeleka hospitali ya misheni, na daktari akasema aache shingo, mwili utajirekebisha wenyewe. Ulichukua muda. Kifua kikashuka, ndevu zikarudi, na mambo ya usiku yakanyooka sawasawa.

Baadaye wakapata kijana, kitinda mimba wao. Kijana mwenyewe ndiye mimi ninayekuandikia hapa.

Mama alikuwa anatusimulia hii kila Krismasi, mzee akijifanya anatafuta miwani.

Sasa nyinyi wanaume wa umri wangu, sikizeni. Mwili ukianza kukugeuka, usikimbilie ushauri wa kina Gichana. Ambia mtu wako wa nyumbani, muende hospitali pamoja, aibu ije ikuue baadaye. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mzee wangu angefunga hilo koti siku moja zaidi, mimi singezaliwa.