Gauni la Mama Gasper

Mitumba iliporuhusiwa, Getrude wa kijiji cha Mkunya alishuka Masasi na belo la magauni na mashati, akatandika turubai sokoni. Alikuwa binti wa wakulima wa korosho, aliyekua akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani, na uvumilivu huo aliuhamishia kwenye biashara. Gauni lililofumuka alilishona. Lililopungukiwa vifungo alilitafutia vinavyofanana. Ndiyo maana wateja walirudi.

Miongoni mwao alikuwamo Gasper. Baba yake alikuwa mkubwa katika ushirika wa korosho, na nyumbani kwao kulikuwa na friji na makochi. Alikuja kutafuta shati, kesho yake akaja kutafuta jingine, hata wauzaji wenzake Getrude wakacheka: "Huyu kaka ana migongo mingapi?"

Walipokubaliana kuoana, mama yake Gasper aliwaka. "Nimekusomesha mpaka chuo, uje kuniletea muuza mitumba?"

Gasper akashauri watorokee Mtwara. Getrude alikataa katakata. "Mimi nina mjomba, na kwetu mjomba ndiye anayeoza. Anayenitaka aende Mkunya mchana kweupe."

Gasper alikwenda, peke yake. Mjomba Filemoni alimkaribisha vizuri, akamlisha ugali wa muhogo, kisha akamwambia kwa upole, "Kijana wangu, sina neno na wewe. Lakini hatumwozi mtu aliyekuja bila wazee wake."

Getrude aliletewa habari hiyo. Jumapili, baada ya misa, alivaa kitenge chake safi akaenda mwenyewe kwa kina Gasper.

Mama Gasper alikuwa barazani na mgeni wake, Mama Cyril.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni Getrude. Sikuja kumwomba mwanao, Mama. Umenikataa hujaniona, nikasema nije unione."

Mama Gasper hakumpa kiti. Mama Cyril, aliyependa vituko, akadakia: "Kumbe ndiye huyu wa mitumba! Hebu tazama gauni la mwenzangu. Dada yake kamletea kutoka Dar es Salaam, dukani kabisa. Vya namna hii mnavyo pale chini kwenye turubai?"

Getrude akalitazama. Lilikuwa la buluu, lenye kola nyeupe. Vifungo vyake alivishona kwa mkono wake, na wiki mbili nyuma Stamili, msichana wa kazi wa nyumba hiyo, alilinunua kwake akisema ni la shangazi yake. Alipoinua macho akayakuta ya Mama Gasper yakimwangalia, na uso ule wa kiburi ulikuwa umejaa hofu.

"Limemkaa vizuri Mama," akasema Getrude. "Rangi yake hasa."

Mama Cyril akahamia kwenye habari nyingine. Getrude alipoaga, Mama Gasper aliinuka, akamsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hata wageni wakubwa hawakulipata.

"Ulilijua," akanong'ona. "Kwa nini hukusema?"

"Ningepata nini, Mama, kukuaibisha mbele ya mwenzako?"

Mama Gasper alisimama akikunjua na kukunja ncha ya khanga yake. Mwishowe akauliza, "Mjomba wako anapenda kutembelewa lini?"

Wazee wakapanda Mkunya. Mjomba Filemoni alitaka jambo moja lisemwe wazi: Getrude asizuiwe kufanya biashara. Baba Gasper alikohoa kidogo, akakubali, na vijana wakafunga ndoa katika kanisa la Lukuledi kabla ya msimu wa korosho.

Baadaye wanunuzi binafsi wakaingia vijijini, ushirika ukayumba, na Baba Gasper akapunguzwa kazini. Nyumba ile iliyosifika ikawa inakula kwa jasho la Getrude. Hakuna aliyemsikia akilitaja hilo, si kwa mumewe wala kwa majirani. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alipiga goti mbele ya baba mkwe, akamwamkia kama siku aliyoingia mle ndani akiwa bibi harusi, na mzee yule akamwitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti iliyosikika mpaka nje.